Mama Ushahidi na Maua ya Mkuyu

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, saa kumi alasiri, msahihishaji mkuu wa kiwanda chetu cha uchapaji atafunga droo yake na kukabidhi muhuri wake wa kupitisha vitabu, baada ya miaka thelathini na sita na miezi minne ya kazi. Kamati ya sherehe imenipa mimi jukumu la kuandika wasifu wake kwa ajili ya jarida la wafanyakazi, kwa kuwa nimekaa naye meza moja miaka ishirini na minane, yeye akishika prufu, karatasi ya majaribio, na mimi nikimsomea mswada kwa sauti. Niliambiwa niandike mambo ya furaha. Rasimu yangu ya wiki iliyopita ilikuwa ya furaha kuanzia juu hadi chini. Msahihishaji mwenyewe akaisoma, akauliza jambo la mkuyu liko wapi, kisha akaandika pembeni kwa penseli nyekundu: "Wasifu usio na kosa hata moja ni tangazo la biashara." Basi jambo la mkuyu limo humu, kwa idhini yake, nalo limechukua nafasi kubwa kuliko nilivyopanga.

Alikuja hapa akiwa na miaka ishirini na minne, akaajiriwa chumba cha vifurushi. Kazi yake ilikuwa kufunga kalenda za makanisa kwa karatasi ya kaki na kamba. Wiki ya pili alipanda ngazi hadi ofisi ya mkurugenzi wa wakati ule, kalenda moja mkononi, akasema kwamba Pasaka imewekwa Jumatatu. Mkurugenzi akauliza nani amesema. Akajibu, "Mimi wa vifurushi." Kalenda ile ilikuwa imepita mikononi mwa wasomi watatu na mchungaji mmoja. Mwezi uliofuata akahamishiwa chumba cha masahihisho, akaenda na bonge lake la kamba, na hajawahi kushuka tena.

Wafanyakazi wapya huenda hawajui kwamba kiwanda hiki, pamoja na nyimbo, kalenda na masomo ya Jumapili, huchapa kila mwaka kitabu kimoja au viwili vya mashairi ya watu wa siku hizi. Si washairi wa majukwaani. Ni wauguzi, walimu, watawa, fundi bomba mmoja. Watu wanaosali macho yakiwa wazi. Wanaandika kuhusu ukungu, mizizi, siafu, mbegu iliyokataa kuota, na katikati ya hayo wanazungumza na Mungu kama mtu anavyozungumza na jirani aliyekuja kuazima jembe. Wengi wao hawafuati vina wala mizani. Mzee mmoja wa kamati ya uchapishaji aliwahi kuuliza kikaoni kama haya ni mashairi au ni barua zilizokatwa vibaya. Mama, ndivyo sote tunavyomwita msahihishaji wetu, akamjibu kwa upole kwamba mvua nayo haina vina, lakini inanyesha, na mzee mwenyewe ana shamba. Kitabu kikapita.

Jina la Mama Ushahidi alipewa na washairi hao hao, na si wote walilitoa kwa mapenzi. Kanuni yake ilikuwa moja: anayemsifu Muumba kwa kazi ambayo Muumba hakuifanya anashuhudia uongo, hata kama nia yake ni njema. Kwa hiyo kila ndege, mdudu na jani lililotajwa katika shairi lilipaswa kuthibitishwa. Mtawa mmoja aliandika kwamba nyuki hulala wameshikana miguu. Mama akampigia simu mfuga nyuki, akakaa na simu sikioni dakika arobaini, akarudi mezani ameridhika. Mwalimu wa kwaya alimweka pweza mtoni kwa sababu alihitaji kina cha "eza"; pweza akarudishwa baharini na kina kikatafutiwa dawa nyingine. Mchungaji kijana alileta shairi lenye theluji. "Theluji umeiona wapi, baba?" akaulizwa. Akasema kwenye kalenda. "Basi andika kalenda." Akaandika kalenda, na hilo ndilo shairi lake zuri kuliko yote. Mume wake Mama, fundi baiskeli, hulalamika kwamba nyumbani kwake hawezi kusema mvua inanyesha bila mkewe kufungua dirisha.

Yako mambo aliyoyaokoa. Mshairi mmoja aliacha ukurasa mzima mtupu chini ya kichwa kilichosema "Sala". Fundi mtambo akadhani maneno yamedondoka njiani, akaujaza kwa tangazo la mishumaa. Nakala mia mbili zilikuwa zimeshatoka. Mama aliusimamisha mtambo kwa mkono wake mwenyewe, na fundi akajitetea kwamba hata mishumaa ni sala. Hadi leo fundi huyo akiona ukurasa mtupu hupanda juu kuuliza kama ni Mungu au ni karatasi zimepita mbili kwa pamoja.

Namna yetu ya kufanya kazi imewachekesha wengi. Mimi husoma mswada pamoja na alama zake zote: mkato, nukta, mshororo mpya, nafasi. Yeye hufuata kwenye prufu kwa rula ya bati. Mgeni akipita mlangoni hudhani ni ibada ya madhehebu asiyoyajua. Nilipofika kiwandani hapa nilikuwa na mfuko mmoja na lafudhi ya mbali, iliyochekwa kila nilikobisha hodi. Yeye alisema tu kwamba sauti yangu haimezi silabi, akanivutia kiti.

Sasa mkuyu.

Miaka kumi na tisa iliyopita tulipokea mswada wa mlinzi wa msitu, umeandikwa kwa penseli nyuma ya fomu za kuhesabia miche. Ulikuwa na mashairi arobaini na moja. Nimesoma vitabu vingi katika maisha yangu, na katika nchi zaidi ya moja, na ninasema bila kusita kwamba haya yalikuwa ya mtu aliyekaa kimya muda mrefu kabla ya kuandika. Shairi la kumi na saba lilikuwa fupi:

Mkuyu umejaa maua
na hakuna aliyeyaona.
Bwana, nitazame vivyo hivyo,
kwa ndani,
kabla hujaniuliza tunda.

Nyuma ya chumba cha majalada kuna mkuyu. Mama akaenda kuutazama. Akaenda kila siku ya kazi kwa miezi mitano, na aliyoyaona akayaandika kwenye kijitabu: "Majani. Matunda. Matunda. Popo." Ua hakuona hata moja. Akamwuliza mfagiaji, naye akaapa kwamba tangu aanze kazi hajawahi kufagia ua la mkuyu. Mlinzi wa msitu alikuwa mbali, simu hana, na mtambo ulikuwa unasubiri. Mama akafanya alichofanya siku zote, ila safari hii bila kumwuliza mwenyewe. Kitabu kilitoka hivi:

Mkuyu umejaa matunda
na hakuna aliyeyachuma.
Bwana, nitazame vivyo hivyo.

Mistari miwili ya mwisho aliikata, kwa sababu mti ukishajaa matunda hakuna haja ya kuuuliza tunda. Ilikuwa kazi safi. Mimi mwenyewe nilimsomea, mshororo kwa mshororo, na sikufungua mdomo kusema lolote la ziada.

Hatujapata kuchapa shairi lililopendwa kama hilo. Lilisomwa kwenye mazishi, hasa ya watu walioondoka bila kushukuriwa. Likawekwa kwenye kadi ya rambirambi, ile ya kijani. Mnaijua nyote, maana kila idara imewahi kuisaidia idara ya vifurushi kuifunga. Mlinzi wa msitu alitumiwa nakala zake kumi za kitabu, akajibu kwa mstari mmoja wa shukrani. Baada ya hapo hakutuma tena kitu chochote. Washairi hukauka kama visima, tulisema, tukaendelea na wengine.

Oktoba iliyopita, wakati wa mapumziko, fundi jalada alikuwa akila makuyu. Ana tabia ya kuyapasua kwanza kwa kisu chake cha karatasi, kwa kuogopa wadudu. Akapasua moja, akamsogezea Mama kwa utani. "Angalia, Mama Ushahidi, nyama ya bure." Mama alikuwa ameshika kioo chake cha kukuzia, kile cha kukagulia nukta za rangi. Akainama. Akakaa ameinama hivyo mpaka fundi jalada akaacha kucheka. Ndani ya lile tunda, ukutani kote, yalikuwa yamepangana maua, mamia kwa mamia, madogo kama chembe za chumvi, kila moja na kikonyo chake. Akaomba kisu, akapasua jingine, na jingine. Kisha akapanda ngazi, akashusha faili la mswada ule, akakaa nalo mapajani hadi kengele ilipolia.

Kesho yake mwalimu wa chuo cha kilimo alithibitisha kwa simu: mkuyu huchanua kwa ndani. Kile tunachokiita tunda ni chumba kilichojaa maua, na nyigu wadogo sana huingia humo kwa tundu lisiloonekana. Alieleza kwa furaha kubwa, kama watu wanavyoeleza mambo yasiyowahusu. Mama akamshukuru, akaweka simu chini, akaniambia, "Mtu alisema kweli, nikamsahihisha."

Mliokuwa karibu naye mliiona miezi minane iliyofuata, ingawa wengi hamkujua sababu. Alianza kurudia prufu zilizokwisha kupita. Alishusha vitabu vya zamani, kimoja baada ya kimoja, akitafuta maua mengine aliyoyafuta. Chakula cha mchana alikuwa akikifungua na kukifunga. Alimwandikia mlinzi wa msitu mwezi wa Novemba, akaandika tena Februari, na hakuna jibu lililokuja. Kilichokuwa kikimtafuna si kitabu. Alikuwa na swali moja, na aliniuliza mimi mara nyingi, kana kwamba ningejua: yule mtu aliacha kuandika kwa sababu yangu?

Mkurugenzi wetu, kwa nia ya kumfurahisha, alikuwa amekwisha kupanga toleo la pili la kitabu hicho hicho liwe kazi yake ya mwisho. Lingepanda mtamboni Jumatano ya wiki ya kustaafu. Mama akaenda kumweleza. Mkurugenzi akasema, "Mama, si urudishe tu maneno ya mwenyewe? Nani atapinga?" Fundi mtambo, aliyekuwepo, akasema la kinyume: "Mimi ningeacha. Watu wamelipenda hivyo lilivyo. Unakwenda kuamsha aliyelala." Mama akawasikiliza wote wawili, akawakatalia wote wawili. Alibadilisha bila kuuliza, alisema. Akirudisha bila kuuliza atakuwa amefanya kosa lile lile mara ya pili, tena sasa kwa makusudi. Na akiliacha, ni kulichapa upya kwa muhuri wake, huku akijua. Na Ijumaa muhuri si wake tena.

Wiki ikakaribia. Nilimkuta mara mbili amesimama mbele ya kalenda ya ukutani, yeye aliyeokoa kalenda nyingi, akiitazama kama imemkosea.

Jumatatu ya wiki hii ofisi ya misitu ilitupigia simu. Mlinzi yule alistaafu zamani, anaishi kwa binti yake, nyuma ya mashine ya kusaga, mwendo wa saa mbili kwa basi. Barua zetu zilikuwa zikienda kwenye kituo kilichofungwa. Jumanne asubuhi tukapanda basi, yeye na mimi. Alibeba prufu ndani ya bahasha, na kuyu moja limefungwa kwenye leso. Njiani aliniuliza kama nadhani mzee atakuwa bado anakumbuka.

Tulimkuta kwenye benchi, kando ya ukuta wa mashine, watu na ndoo zao za mahindi wamepanga foleni mbele yake. Mzee mrefu, mikono mikubwa imelala magotini. Mama akamwamkia, "Shikamoo, mzee." Hakugeuka. Binti yake akatoka ndani akifuta mikono. "Paza sauti, mama. Masikio yalianza kwenda yenyewe, hii mashine ikamalizia."

Hapo ndipo msahihishaji wetu mkuu, ambaye hajawahi kusikika kutoka chumba kimoja hadi cha pili, alipolazimika kuungama kwa kupiga kelele.

"Mzee, mimi natoka kiwanda cha vitabu! Nilisahihisha kitabu chako!"

"Kilikuwa na makosa?"

"Hakikuwa na kosa! Kosa ni langu!"

"Lipi?"

Mama akavuta pumzi. Wakati huo huo mkanda wa mashine ukachomoka, mashine ikazima, na jibu lake likasikika foleni nzima:

"NILIYAFUTA MAUA YAKO!"

Foleni ikageuka. Kisha mwenye ndoo ya kijani akauliza, "Maua gani hayo?"

"Kamkatia mzee maua yake," akajibiwa na wa nyuma.

"Huyu mzee ana bustani wapi?"

"Si amwombe radhi yaishe. Mtu mzima namna hii, unakuja kumpigia mwenzio kelele kwa maua."

Mama aliwapa mgongo. Alifungua leso, akalipasua lile kuyu kwa kucha, akamwekea mzee kiganjani ili ajionee. Mzee akalitazama, akalitia mdomoni, akalitafuna. Ushahidi wote ukaliwa mbele yetu.

"Yamo," akasema, akimeza. "Maua yake nayajua tangu nachunga mbuzi."

Mama akamwuliza, sasa kwa sauti ambayo angeweza kuisikia kwa kuwa mashine ilikuwa bado imezima, akiinama karibu na sikio lake, kwa nini basi hakuandika kulalamika, hata barua moja.

"Wewe ndiye mwenye kalamu, mama," mzee akasema. "Nilimzika mke wangu kwa shairi lile. Mchungaji anasoma kwenye kadi yenu, mimi nimesimama pale kaburini, najisemea moyoni, hayo siyo niliyoyaandika. Lakini watu wanalia. Ningewakatiza vipi? Niseme, jamani ngojeni kwanza, si matunda, ni maua?"

Foleni ikacheka. Mama hakucheka, na binti hakucheka. Binti alikuwa ameitoa ile prufu kwenye bahasha akiisoma, na alikuwa ameanza kuelewa tumefuata nini.

"Mnataka kuibadilisha ile kadi ya mazishi ya mama yangu?" akasema. "Hapana. Hapana kabisa. Ile ndiyo iko ukutani humo ndani. Watoto wangu wanaijua yote." Akamgeukia Mama. "Mlikuwa wapi miaka yote hiyo? Leo ndiyo mnakumbuka? Si mngeyaacha yakae?"

Nilimwona Mama akirudisha penseli mkobani. Nina hakika alikuwa ameshaamua kuondoka, na kwamba angeenda kustaafu na jambo lile kifuani. Mzee ndiye aliyenyoosha mkono. Akachukua prufu kutoka kwa binti yake, akaisogeza mbali na macho, akaisoma midomo ikitembea. Mkanda ukarudishwa, mashine ikaunguruma tena, foleni ikasogea, na sisi watatu tukabaki tumeukodolea macho mkono wa mtu mmoja. Akafanya ishara ya kuomba penseli. Mama akampa ile nyekundu.

Mzee akafuta "matunda", akaandika "maua". Akafuta "aliyeyachuma", akaandika "aliyeyaona". Kisha akafika mwisho, pale ilipokuwa imekatwa mistari yake miwili. Mama alikuwa amekwisha kuiandika pembeni, kwa unadhifu wake ule, tayari kurudishwa. Mzee akaitazama. Akaikata kwa mstari.

"Hii iache ulivyoikata!" akasema kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake. "Nilikuwa namweleza Mungu maana ya shairi. Anaijua!"

Kisha akamwambia binti yake kwamba kadi zibaki vile vile. "Hizo watu wameshazililia. Machozi hayasahihishwi. Kitabu ndicho changu." Binti akapangusa uso kwa upande wa mkono, akamsogezea Mama kigoda. Nadhani hicho ndicho alichoweza kutoa siku ile, na kilitosha.

Mama akakaa. Akauliza swali lake, akilipaza juu ya mashine, lile lile alilokuwa akiniuliza mimi kwa miezi minane. "Mzee, uliacha kuandika kwa sababu yangu?"

"Nani kaacha?" mzee akasema.

Akamwonyesha binti kwa kidevu. Binti akaingia ndani, akarudi na sanduku la bati. Zilikuwa humo daftari kumi na moja, za shule, zimejaa penseli ukurasa hadi ukurasa: mvua, kuvu, vichuguu, ndege aliyejenga kwenye kofia yake ya kazi, Mungu akiulizwa mambo ambayo mimi nisingethubutu kumwuliza. Nilisoma kurasa tatu nimesimama, kisha nikavuta daftari la pili. Mama akauliza kwa nini hakutuletea.

"Nilikuogopa," akasema mzee.

Alilisema bila chuki, kama mtu anayetaja umbali wa njia. Nimemwona Mama akipokea habari nyingi ngumu, na siku zote alikuwa na la kusema. Safari hii hakujitetea. Alisema, "Samahani, mzee," kwa sauti yake ya kawaida, ya chini, katikati ya kelele ile. Sijui kama mzee alisikia. Alitikisa kichwa, lakini hutikisa kichwa kwa mambo mengi.

Daftari hakutukabidhi. Alisema Mama aje azisome hapo hapo kwenye benchi, siku atakazotaka, na penseli nyekundu aiache nyumbani.

Jana saa nne asubuhi toleo la pili lilipanda mtamboni. Mama alipiga muhuri wake kwenye prufu ya mwisho, kisha akashuka kusimama kando ya mtambo. Aliusimamisha mara tatu ili akague ukurasa wa shairi la kumi na saba, na mara zote tatu hapakuwa na kosa lolote. Fundi mtambo, ambaye kwa kawaida angenung'unika, aliuzima na kuuwasha kama alivyoombwa. Nakala ya kwanza imetumwa kwa basi la jioni. Ya pili iko mezani kwangu ninapoandika haya.

Ningependa kumaliza kwa kusema kwamba sasa ana amani. Yeye mwenyewe hakuniruhusu kuandika hivyo. Mzee ana miaka sabini na minane. Daftari ni kumi na moja, na katika zile mbili za kwanza penseli imefifia kiasi kwamba mistari mingine huonekana tu ukiinamisha ukurasa kwenye jua. Leo asubuhi Mama aliniuliza kama mtu aliyekaa miaka thelathini na sita akitafuta makosa anaweza kujifunza kusoma tu.

Mama, kwa niaba ya vifurushi, mtambo, majalada na chumba chetu cha masahihisho, tunakushukuru. Umetufundisha kutazama kabla ya kusifu, na wiki hii umetufundisha kwenda kwa mtu kabla hatujachelewa. Tunakuombea siku nyingi, afya, na mwanga wa kutosha wa kusomea. Jumatatu basi linaondoka saa moja na nusu. Ukifika kwenye mstari usiouelewa, usiutie alama. Mwandishi amekaa hapo hapo pembeni yako; mwulize. Ila paza sauti.